Uzi: Ule mti wa Melinda mu "Speak" unamaanisha nini kabisa?

#1 Neema_Himbi (Goma)
Jambo wote. Niko na swali, musinicheke. Huku Himbi tuko na kikundi cha kusoma, batoto 11 ba sekondere, kila Jumamosi saa tisa. Sasa tuko mu romani moja ya Marekani, Speak ya Laurie Halse Anderson, ilitoka 1999. Kopi niko nayo moja tu tena ya Kiingereza, basi mi nasoma ukurasa, nafunga, natafsiri mu Kiswahili pale pale mpaka sauti inaisha.

Kwa wale hawaijui: Melinda anaanza sekondari mjini Syracuse, jimbo la New York. Mbele masomo kufunguliwa alienda mu fete, kijana moja mukubwa akamubaka. Akapigia polisi telefoni lakini maneno yakakataa kutoka, polisi bakakuja, fete ikavunjika, na bote bakamuchukia ati njo aliwaharibia. Hakuna hata moja aliyemuuliza aliita polisi ju ya nini. Kuanzia pale mtoto ananyamaza pole pole mpaka hasemi tena. Mwalimu wa kuchora, Mr. Freeman, anapitisha globu iliyovunjika yenye vikaratasi ndani, kila mutu anavuta chake, yeye anavuta "mti". Anataka kurudisha, anaona mti ni kazi ya batoto ba primere, mwalimu anakatala. Basi mwaka muzima anachora mti na mti unamushinda.

Ju ya nini mti? Ju Jumamosi iliyopita nami nikawaambia bachore kila mutu mti wake, na binti moja wa miaka 15 akachora kisiki. Kisiki tu. Hakuna tawi, hakuna jani. Bengine bakacheka, mimi nikakusanya karatasi kama vile sijaona kitu, na tangu siku hiyo kinanisumbua.

#2 Kadutu_Boy (Bukavu)
Mti ni mti, dada. Bazungu bakikosa ya kuandika banaweka mti.
Mi niliona filme yake, iko na yule dada wa mavampaya. Kumbe bakaitoleaka na kitabu?

#3 MamaWaNne (Bukavu)
@Kadutu_Boy kinyume. Kitabu 1999, filme ni ya 2004, na Kristen Stewart alikuwa bado mtoto, mavampaya (Twilight) yalikuja nyuma.
Neema, mti ni Melinda mwenyewe. Kuna pahali banaleta fundi wa kukata miti ku nyumba, anakata matawi mpaka mti unabaki uchi, na Mr. Freeman anamueleza kwamba hawauui, banaukata ili uishi. Pale nililia mi mama muzima, sufuria ya sombe ikaungulia.

#4 Profu_Mstaafu (Bukavu)
Salamu. Nilifundisha Kifaransa na fasihi miaka 31, kwa hiyo mtanivumilia. Mama, anayesema maneno yale si Mr. Freeman, ni baba yake Melinda. Na tofauti hiyo ni kubwa. Baba haelewi kitu chochote kuhusu binti yake, anaishi naye nyumba moja na hajui lililompata, halafu siku ile anasimama uani anaeleza habari ya mti, kwamba matawi yale yalikufa zamani kwa ugonjwa na ukiyaondoa mti unapata nafasi ya kukua tena. Anasema ukweli wote kuhusu mtoto wake bila kujua kwamba anamsema mtoto wake. Ukimpa mwalimu maneno hayo unapoteza kejeli yote ya mwandishi.

Tena mimi sikubali kwamba mti ni Melinda, moja kwa moja hivyo. Kitabu kimegawanywa sehemu nne kama mwaka wa shule wa kwao, kila sehemu inafungwa na alama zake za darasani. Mti unakwenda na sehemu hizo. Kwanza anachora kwa rangi za maji miti iliyopigwa na radi, ambayo haijafa kabisa. Halafu anachonga kwenye linoleamu, haitoki. Halafu mwalimu anampa kitabu cha Picasso, anajaribu mti wa vipande vipande. Na katika darasa la biolojia wanapasua tofaa, mbegu yake moja imeshachipuka ndani kwa ndani. Mti ni wakati. Ni kalenda ya mtu asiyeweza kuandika tarehe.

#5 Agro_Kalehe
Profu aksanti lakini hapo kwa kukata matawi mwaachie bantu ba shamba kidogo, ju mi niko nafanya kazi na bakulima ba kahawa na hiyo maneno ya yule baba ni kweli nusu. Kahawa ikizeeka unaikata chini kabisa kwa musumeno, unakata mushazari ili maji ya mvua isikae juu ya kidonda, kiisha kisiki kinatoa machipukizi mingi sana, mingi kupita kiasi, unachagua mawili ama matatu na yale ingine unatoa yote hata kama ni mazuri. Na mwaka ule HAUVUNI. Unaofuata unavuna kidogo sana. Njo maana ukienda kwa muzee umuambie akate kahawa yake anakuangalia kama umekuja kumuibia, anajua mti utapona lakini batoto batakula nini miaka hiyo yote mti uko unapona?

Hiyo njo nilikosa mu kitabu (nilisoma, bibi yangu aliletaka ya Kifaransa toka Kigali). Melinda anaanguka mu masomo, anakosa barafiki, sawa, hayo ndiyo mavuno yaliyopotea. Lakini mwaka moja wa shule unaisha na mti umetoka vizuri? Ni haraka sana. Kahawa yangu haiko vile.

#6 Profu_Mstaafu
@Agro Hajapona. Rudia ukurasa wa mwisho. Kitabu kinafungwa pale anapoanza kumwambia Mr. Freeman, hatusikii hata anayomwambia. Lakini hoja ya mavuno nimeipenda, sikuwahi kuifikiria.

#7 Psiko_L2 (Bukavu)
Jambo. Mi nasoma saikolojia ku iniversite, L2. Dada Neema, kile kisiki usikiache hivi hivi. Kuna tesiti ya mti, ya Charles Koch, Muswisi, kitabu chake kilitoka 1949. Unamuambia mutu achore mti, kiisha unaangalia: mizizi, shina, matawi, pahali uliwekwa juu ya karatasi. Kuna hata njia moja, inaitwa indeksi ya Wittgenstein, ukiona tundu ama kovu ku shina unapima urefu wake toka chini, unalinganisha na urefu wa mti wote na umri wa mutu, inakuonyesha alipata troma akiwa na miaka ngapi. Shina lililokatwa ni alama nzito. Mwandishi lazima alijua hiyo tesiti.

#8 Kadutu_Boy
Karibu dokotere wa miti 😂 Mi nilichoraka mti mu primere na nyani juu yake, nipimie.

#9 Birere_Zamani (Goma)
Psiko pole pole. Hiyo ya kupima kovu na rula ni uganga na vipimo, batu bengi ba saikolojia yenyewe hawaiamini, uulize baprofesere wako. Na utasemaje "lazima alijua"? Mwandishi alikuambia wapi?

Mie nieleze kisiki cha Goma. Januari 2002 Nyiragongo ilipita mu mji, ikapita ku uwanja wa ndege, ikapita kwetu Birere mpaka mu ziwa. Nilikuwa na miaka 9. Tuliporudi hakuna nyumba, hakuna njia, ni mawe meusi bado yana moto chini, ukimwaga maji inatoa moshi. Papa akaanza kubeba udongo mu mifuko toka pahali sijui, akamwaga mu tundu moja ya mawe, akapanda mupapai. Majirani banamucheka, banamuambia muzee panda kwanza nyumba. Ule mupapai ulitoa tunda mbele tupate mabati. Sasa kama mungenipatia karatasi mwaka ule ningechora mti unaotoka mu jiwe na Psiko angesema nini, kwamba niko na roho ngumu?

Na visiki Goma ni makala. Mji wote unapika na makala, mingi inatoka mu Virunga. Mtoto wa huku ameona visiki na magunia ya makala mingi kuliko miti. Pengine alichora tu mti vile anaujua.

#10 Psiko_L2
Sikusema ni hukumu, nilisema ni alama. Na yaya Birere, hiyo hadithi ya mupapai wa papa yako ni troma na kupona mule mule, unanisaidia bila kujua, kama yule baba wa Melinda 😄

#11 Birere_Zamani
Huyu mtoto iko na akili mbaya. Nimekubali hiyo moja tu.

#12 MuLushois (Lubumbashi)
Jambo ba kule ku Kivu. Mi sikusoma kitabu, nawafwata tu. Lakini huyo mwalimu anayekatala mtoto asirudishe karatasi, na kiisha anamwacha mwaka muzima atafute mwenyewe, ananikumbusha Hangar, ile shule ya kuchora ya huku Lubumbashi. Pierre Romain-Desfossés aliifungula 1946, na hakutaka banafunzi bakopie michoro ya Bazungu, kila mutu atoe chake mwenyewe. Pale njo mulitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechoraka na vidole, bila pinso. Kama Pilipili angeambiwa "mti wako uko na majani mingi sana" tungekosa Pilipili. Mi naona simboli si mti, simboli ni ile globu iliyovunjika: kazi yako inatoka mu kitu kilichopasuka na hauchague.

#13 MamaWaNne
Hiyo ya globu 👏🏾 tena hajaisoma!

Lakini mutaongea mti mpaka kesho na munaruka kioo. Melinda alipata kijumba kidogo mu shule, kilikuwa cha bafundi ba kusafisha, hakitumiki tena, akakifanya maficho yake. Mule kuna kioo, akakifunika na picha kubwa ya Maya Angelou, mwandishi wa Marekani, ju hataki kuona uso wake na midomo aliyojiuma mpaka vidonda. Mwisho yule kijana anamufungia mule mule, anataka kurudilia. Melinda anapiga ile picha, kioo cha nyuma kinavunjika, kipande chake njo anamuwekea ku shingo. Kitu alichokuwa anakikimbia njo kilimuokoa. Na sauti inatoka, bengine banasikia banakuja.

Na Maya Angelou haikuwekwa pale ju ya uzuri. Mwenyewe alibakwa akiwa mtoto mdogo, akakaa karibu miaka 5 bila kusema na mutu isipokuwa kaka yake. Anderson alimuweka pale kama yaya, dada mukubwa anayekulinda mulango.

#14 Fanfare_Katindo (Goma)
Mutu wa trompeti anaingia. Jina lake ni Melinda SORDINO. Sordino ni kile kitu tunaingiza mu mudomo wa trompeti ili sauti ipungue. Haiue sauti, inaifinya tu. Ukitoa, sauti ilikuwa mule siku yote. Nyinyi munatafuta mu mti na iko imeandikwa ku kitambulisho chake.

#15 Kadutu_Boy
Hii sasa njo simboli. Bengine bote mukae chini.

#16 Ukuta_wa_Choo
Nimejiandikisha leo ju ya uzi huu. Hakuna aliyetaja ukuta. Mu choo cha basichana Melinda anaandika jina la yule kijana mu orodha ya bale ba kukimbia. Siku zinapita, anarudi, anakuta basichana bengine bameandika chini ya jina, moja nyuma ya ingine, kila moja na mwandiko wake. Pale njo anajua haiko peke yake. Mti alichora peke yake, ukuta waliandika bengi. Mi naona alianza kupona ku choo, haikuwa mu darasa la kuchora.

Ku lise yetu tulikuwa na ukuta kama huo, sitasema lise gani. Baliupaka rangi. Tukaandika tena. Baliupaka tena rangi nzito ya kijani ya mafuta, ile haishike biki. Tukanunua marka.

#17 Profu_Mstaafu
#16 umeninyamazisha, na hilo si jambo rahisi. Karibu.

#18 Agro_Kalehe
Neema swali: unatafsiri jina la kitabu namna gani? Ju bibi yangu tulibishana usiku muzima. "Sema"? "Ongea"?

#19 Neema_Himbi
Mi nasemaka "Sema". Lakini batoto balikatala! Banasema "Sema!" ni neno la mutu mwenye fimbo. Mwalimu anakushika shati: sema! Bamaaskari ku barrière: sema! Moja akapendekeza "Ongea nasi", ingine akasema hapana, hiyo ni ya mutumishi ku kanisa 😂 Sasa tunaita tu "kitabu cha Melinda".

#20 Birere_Zamani
Batoto bako bako na haki. Na mu kitabu nako iko vile, mukubwa wa shule na bazazi bote banamukazia aseme na hakuna anayekaa kusikiliza. Mi siamini kimya yake ni ugonjwa. Mama zetu balinyamaza mambo mingi ju ukisema leo, kesho unakutana na yule mutu ku soko.

#21 MamaWaNne
Yaya hapo sikufwate. Kuna pale Melinda anafanya eksipoze juu ya bamama ba Marekani baliopigania haki ya kupiga kura, anakatala kuisoma kwa sauti, anagawa makaratasi kiisha anasimama kimya, ati ni kupinga. Mwalimu anamupa D. Na David Petrakis, rafiki yake wa biolojia, anamupenda kwa roho hiyo lakini anamuambia bale bamama hawakushinda ju ya kunyamaza, balishinda ju ya kusema. Mwandishi mwenyewe analijibu hilo.

#22 Birere_Zamani
David alikuwa mwanaume, ni rahisi kwake.

#23 mwenye_kupita
Siandikaka humu. Lililompata Melinda lilinipata, nilikuwa na miaka 16, haikuwa vita, ilikuwa mutu wa jirani. Nilikaa miaka 7. Nilimuambia yaya wangu tukiwa tunachagua maharagi, maneno matatu hivi. Hakuniambia "eleza". Hakulia mbele yangu. Aliendelea kuchagua maharagi, kiisha akasema leo utalala kwangu. Nililala kwake miezi minne. Sijui hiyo ni simboli ya nini. Mti sikuchora.

#24 Ukuta_wa_Choo
🤍

#25 MamaWaNne
Pole mwanangu. Aksanti.

#26 Kadutu_Boy
Pole sana dada. Mi nafunga mudomo wangu leo.

#27 Psiko_L2
Pole dada yangu.
Nilikuwa nataka kuandika juu ya Panzi lakini niseme kifupi. Hospitali ya Panzi huku Bukavu ilianza 1999, mwaka ule ule kitabu kilitoka, na Dokta Mukwege aliyeianzisha alipata Nobeli ya Amani 2018. Kule hawamutibu mutu mwili peke yake, kuna mambo manne: dawa, saikolojia, haki ku tribinali, na kumusaidia apate kazi ya kuishi nayo. Ukilinganisha, Melinda alikuwa na mwalimu moja wa kuchora na kijumba cha mifagio. Hakuna tribinali mu kile kitabu, hatujui yule kijana alifungwa ama hapana. Hiyo njo inanisumbua kuliko mti.

#28 Agro_Kalehe
Na yaya wa #23 alikuwa ya tano.

#29 Profu_Mstaafu
Psiko, ndiyo, hilo ni pengo, na nadhani limeachwa kwa makusudi: msimulizi ni mtoto, anatuambia anachokiona yeye. Lakini msomaji wa Bukavu ana ruhusa ya kuuliza tribinali iko wapi. Mwandishi alirudia habari hizi miaka 20 baadaye, katika kitabu cha mashairi, Shout, 2019. Humo anasema mwenyewe alibakwa akiwa na miaka 13. Kwa hiyo mtu akisema "bazungu bakikosa ya kuandika"...

#30 Kadutu_Boy
Profu nilishafunga mudomo 🙏🏾 lakini sawa, narudisha maneno yangu.

#31 Neema_Himbi
Nimerudi, tulikuwa na kikundi leo. Nilifwata yaya wa #23: sikumuita binti pembeni kumuhoji, nilimuomba anisaidie kupanga viti. Nikamuambia mti wako niliupenda, ni wa wapi? Akaniambia ni muavoka wa mu parsele yao, mwenye nyumba aliukata ju majani yanajaza mu gutière, mufereji wa maji ya mabati. Akacheka. Akasema zilikuwa avoka za siagi, si zile za maji maji, na mwenye nyumba hakuwapa hata moja ya mwisho.

#32 Birere_Zamani
NILISEMA. Kisiki ni kisiki!

#33 Psiko_L2
Yaya, ulisema makala, haukusema avoka. Na tena hiyo haipingi yangu. Ulimuambia mtoto achore mti wowote wa dunia, akachagua ule waliomukatia.

#34 Agro_Kalehe
Neema, kisiki kiko na urefu gani? Balikikata chini kabisa ama kuliachwa shina? Muavoka ukiachiwa kama mita moja unachipuka vizuri, muambie asiache mwenye nyumba aweke chumvi ama oili chafu ya motere juu. Na bakipake rangi ya maji pale balikata, jua lisipasue.

#35 Neema_Himbi
Nitamuuliza. Aliniomba kitabu aende nacho nyumbani, Kiingereza hajui. Nikamupatia.

#36 MuLushois (Lubumbashi)
Sasa kopi ni moja, mutasoma nini Jumamosi?

#37 Neema_Himbi
Njo shida nilikuja nayo 😅 Agro, ile ya Kifaransa ya bibi yako?

#38 Agro_Kalehe
Iko kwa shemeji Bukavu, ameishika tangu Pasaka na hajafika hata ukurasa wa 10. Profu akiweza kumunyanganya, niko na mutu anapanda boti ya Goma siku ya nne.

#39 Profu_Mstaafu
Nipe kartie tu, nitamwendea kwa miguu. Shemeji wa mtu asiyesoma kitabu cha mtu mimi ninawajua tangu 1988.

#40 Kadutu_Boy
Profu usiende peke yako, nakukuta pale Feu Rouge. Na kitabu kikifika mu boti, mutu asikikalie.